Jinsi Nilivyouawa Sokoni Ushinoura

Jumatatu, 9 Oktoba 1972

Mimi, Kusunose Yasohachi, nina miaka sabini na moja. Nimewazika wafalme wawili. Nimeishi kuliko kiwanda cha manowari, ndege za Wamarekani, njaa, kifua kikuu, mke mmoja na nusu (wa pili alitoroka), na samaki wa sumu niliyempika mwenyewe kwa ubishi. Hata meno yangu yamekufa. Mimi nipo. Kuandika nilijifunza ukubwani, herufi zangu zinatembea upande kama kaa. Lakini leo imebidi. Historia imeshuka stesheni!

Maana yake, watu wa sinema. Wamekuja na malori kutengeneza picha ya mapigano ya magenge ya hapa kwetu, yale ya mwaka wa arobaini na sita, Bosi Akagane alipomiminiwa risasi sokoni mbele ya kibanda cha viazi. Itakuwa picha ya damu nyingi na ukweli mtupu. Kila kitu kama kilivyotokea, wanasema.

Haya. Nani alikuwepo? Mimi! Nani alimkinga bosi kwa upanga, peke yake, watu saba mbele yake? Mimi! Ushahidi ni kidole gumba changu cha kulia. Hakina kucha. Upanga ulipita hapo. Nimekisimulia kisa hiki mjini Ushinoura kwa miaka ishirini na sita na hajatokea hata mmoja wa kukipinga, isipokuwa wale wanaokipinga.

Nimemwambia binti yangu Hatsue kwamba mwakani jina la baba yake litaandikwa kwenye kitambaa cha sinema, kubwa kama lori. Alikuwa dukani kwake akigeuza chapati za kabichi kwenye bamba la chuma. Yeye mwenyewe hakugeuka. Aliuliza kama hilo jina, wakati linasubiri, haliwezi kuosha vyombo.

Jioni, habari mbaya. Inokuma amenitangulia! Huyu Inokuma ana nyumba ya kuogea, mtaa wa pili. Amekwenda kwa watu wa sinema akavua shati. Mgongoni ana tatuu ya joka, ila joka lenyewe ni mistari mitupu, magamba hayapo, jicho moja halipo, kwa kuwa siku ya pili ya kuchorwa alilia akamkimbia mchoraji. Mji mzima tunalijua joka hilo. Tunaoga nalo. Watu wa sinema wamelipigia makofi. Washamba wa Kyoto!

Jumanne, 10 Oktoba

Nimevaa joho langu jeusi la sherehe. Linanuka dawa ya nondo, lakini ni harufu ya heshima. Nimekwenda sokoni.

Lo! Wameujenga upya uchochoro wa zamani, mbao, mabati, mapipa, hata matope wameleta kwa lori, kana kwamba Ushinoura tumeishiwa matope. Mwongozaji wao anaitwa Shibukawa. Miwani nyeusi, sauti ya mtu aliyekula changarawe. Inokuma alikuwa kando yake, anakunywa chai yao, kifua wazi, baridi yote ile.

Kijana mmoja mwigizaji alipigwa risasi akaangukia kabichi. Damu kama mfereji. Bwana Shibukawa akapaza sauti, kila mtu akaganda. Akamweleza Inokuma kwamba hapo ndipo picha itakaposimama tuli, kisha herufi nyeupe zitokeze juu ya maiti: jina lake, na siku aliyouawa.

Nywele zangu zote sita zilisimama. Jina! Herufi nyeupe!

Nikauliza, je, na wengine nao wataandikwa? Akajibu bila kunitazama kwamba anaandika waliokufa tu. Walio hai hawaandiki jina ng'o. Walio hai wana midomo, wana mawakili, wana mabinamu, watakuja kulalamika kwamba pua zao zimekaa vibaya. Maiti hana neno. Ndipo akageuka, akasema, "Na wewe, mzee wangu, ndiye nani?"

Akili ya Kusunose huonekana wakati kama huu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema mimi ndiye Yasohachi. Ukageuka njiani wenyewe. Ukasema, "Mimi ni mdogo wake marehemu Yasohachi."

Chai ilimtoka Inokuma puani.

Nikangoja aniumbue. Wapi! Akaweka kikombe chini, akavua kofia, akainama mpaka joka likakunjamana. Akasema, "Yaso wa watu! Alituacha mapema mno." Nikawaza, kumbe mwanaharamu huyu ana utu. Kisha akaendelea. Akamwambia mwongozaji kwamba yeye na marehemu walikuwa chanda na pete, na kifo chake alikishuhudia kwa macho haya mawili. Marehemu alikimbilia ndani ya pipa la miso, ile rojo ya soya iliyochachuka, kujificha, akateleza kwa figili, akafa kwa woga kabla risasi ya kwanza haijalia.

Nikasema huo ni uongo, kaka yangu alikufa na upanga mkononi! Inokuma akanishika bega. Akasema majonzi yananichanganya, mdogo wangu, tena siku zile nilikuwa mtoto bado, nisingeweza kukumbuka. Mtoto! Nimemzidi miaka miwili!

Bwana Shibukawa akasema mtu mmoja vifo viwili ni vingi. Kabla ya yote anataka kuliona kaburi. Ijumaa.

Jumatano, 11 Oktoba

Kaburi ninalo. Kaburi si tatizo. Tatizo ni rangi.

Jiwe liko juu hekaluni. Mke wangu Omasa alipofariki mwaka wa hamsini na moja, jina lake lilichongwa, na langu likachongwa pembeni yake hapo hapo, kama afanyavyo kila mjane mwenye adabu. La Omasa ni jiwe tupu. Langu limejazwa wekundu. Jina jekundu kaburini maana yake mwenyewe bado anakula wali. Mtoto anayenyonya anajua hivyo, sembuse mwongozaji wa sinema! Na langu, balaa, ni jekundu kama pua ya mlevi. Hatsue alilipaka upya Agosti hii, siku za kuwapokea wafu. Alijisifu kabisa. Alisema, "Baba, sasa utaonekana uko hai hata kutoka baharini."

Nimemwomba kikwangulio cha bamba. Akauliza cha nini. Nimesema mambo ya ukoo. Akaniambia nikirudishe kisafi, maana wateja hawataki kula ukoo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimejiua. Kazi ngumu!

Nilipanda hekaluni asubuhi kabla ya watu. Nikapiga magoti, nikaanza kukwangua. Rangi haitoki. Nikatemea mate. Haitoki. Kumbe Hatsue alipaka ile rangi ya matumbo ya meli, aliyopewa na mteja wake wa kiwanda cha meli za mizigo, rangi ambayo hata bahari imeishindwa. Mbu wa makaburini wakanifanyia karamu. Magoti yakalia kama mlango.

Kasisi mzee akapita na ufagio. Macho yake hayaoni mbali. Akasimama akaniambia anafurahi sana, siku hizi ni nadra mume kusugua jiwe la mkewe kwa moyo namna ile, miaka ishirini na moja baadaye. Nikakubali kwamba ni nadra. Akasema atanitaja katika mawaidha yake. Nikasema asisite.

Nilimweleza Omasa kwamba ni jambo la muda tu, mpaka sinema iishe. Hakujibu. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake akiona naharibu.

Wekundu ulipotoka wote nikasogea nyuma kutazama. Majina mawili, kijivu kwa kijivu. Yasohachi keshakwenda. Nikasikia baridi mgongoni. Upepo tu ule.

Ijumaa, 13 Oktoba

Ushindi, na nuksi moja.

Bwana Shibukawa alipanda na vijiti vya ubani. Akalitazama jiwe, akaona hakuna wekundu, akainamisha kichwa. Mimi nilijikuta nalia. Si machozi ya kuigiza, hapana. Nilikuwa namlilia mtu shujaa sana.

Inokuma alileta maua meupe. Akainama mbele ya jiwe muda mrefu, mpaka nikadhani kalala. Kisha akaliambia jiwe, kwa sauti ya kusikika, kwamba amemsamehe marehemu yote, pamoja na mwavuli aliouazima na sabuni alizokuwa akiondoka nazo bafuni kifuani mwa nguo. Mwongozaji akaniuliza ni kweli kaka yangu alikuwa mwizi wa sabuni? Nikasema vipande vidogo tu! Nikauma ulimi.

Akauliza tena mbona jina la kaka halina tarehe ya kufa. Swali la kuviziana! Nikajibu kwamba fundi wa kuchonga mawe aliuawa siku ile ile, kwenye mapigano yale yale. Inokuma akauliza kwa huzuni kama naye alikuwa kwenye pipa la miso.

Hata hivyo! Bwana Shibukawa ametoa neno. Jina la Kusunose Yasohachi litaandikwa. Herufi nyeupe, picha imesimama. Upanga au pipa, ataamua baadaye. Kilichobaki ni ridhaa ya mkubwa wa ukoo. Nikasema mkubwa ni mimi. Ndipo Inokuma, kinywa kitamu kama asali, akakumbusha kwamba kuna dada mkubwa, Tomie, kule kisiwani.

Nikasema Dada Tomie naye ni marehemu.

Inokuma akasema ajabu, maana juzi tu dada huyo amemuuzia yeye machungwa.

Basi mwongozaji anapeleka ujumbe kwa feri ya jioni, kumwomba dada ridhaa ya kutumia jina la ndugu yake aliyeuawa. Sina wasiwasi. Dada Tomie ana miaka sabini na sita, na hatujasemezana miaka kumi na moja, tangu alipochukua birika la chuma la mama. Hatajibu. Mtu asiyenijibu nikiwa hai atanijibu nikiwa maiti?

Jumapili, 15 Oktoba

Mgongo unauma. Naandika nikiwa nimelalia tumbo.

Leo duka limefungwa, Hatsue alikuwa kwa wakwe zake. Nilikuwa chumbani kwetu juu ya duka, dirishani, nakata kucha za miguu. Nikaona kitu cheusi kinakuja mtaani. Dada Tomie! Nguo za msiba toka juu mpaka chini, leso usoni. Ametoka kwenye feri moja kwa moja hadi hekaluni kuhakikisha, kaona jina langu halina wekundu, kaamini. Nyuma yake Bwana Shibukawa. Nyuma ya Bwana Shibukawa, Inokuma, kabeba mzigo wa dada, uso wa huzuni kama mbwa aliyenyeshewa.

Nikafikiri upesi. Nikishuka kama Yasohachi, mwongozaji ataniona mwongo. Nikishuka kama mdogo wake Yasohachi, dada ataniona mwehu. Nikaingia kabati la matandiko, nikavuta mlango, magodoro juu yangu.

Mlango wetu haufungwi. Wakapanda. Nikamsikia dada akikaa kwenye mkeka, hapo hapo mbele ya kabati. Akalia. Kusema kweli ilikuwa inapendeza. Alisema miaka kumi na moja yote alikuwa anangoja yule punda aje kuomba birika, angempa, angempa na chai, lakini punda hakuja, na sasa nani atalitaka? Nikafuta jicho kwa pembe ya godoro. Vumbi ni jingi kabatini.

Bwana Shibukawa akampa pole. Akamwomba amweleze, taratibu, jinsi ndugu yake alivyokufa pale sokoni. Kwa upanga, au kwenye pipa?

Dada akashusha leso. Kisha akasema, "Sokoni? Upanga? Upanga upi, mwanangu?"

Na akasimulia! Nayaandika maneno yake ili nipate kuyakanusha.

"Siku ile tulikuwa tunauza supu ya makombo, mimi na yeye. Sufuria kubwa ya jeshi la majini, inatokota. Upanga hakuwa nao. Kisu chetu kilikuwa kimoja, nacho nilikuwa nacho mimi, nakata figili. Risasi zikaanza. Nikamwambia, kimbia, mjinga wewe! Akaikumbatia sufuria ile ya moto akatimka. Risasi ikaitoboa. Supu ikaanza kuruka nje kama mkojo wa ng'ombe. Basi si akatia kidole gumba kwenye tundu! Akakimbia hivyo hivyo, kidole ndani ya supu inayochemka, analia kama mbwa, mimi nyuma yake, mpaka shule iliyoungua, walikokuwa wakilala wale watoto wasio na wazazi. Akaiweka chini. Halikuwa limemwagika hata bakuli moja. Watoto wakala. Na kucha yake ikatoka siku ya pili."

Hata Inokuma kimya, na huyo hanyamazi hata chini ya maji.

Mimi kabatini nikafuta na jicho la pili. Vumbi, nimeshasema. Na ningeendelea kukaa kimya, naapa, mambo yangepita salama. Lakini dada akapenga kamasi akaongeza, "Alikimbia kama kuku, maskini. Lakini kuku mzuri."

Kuku!

"Sikukimbia!" nikapiga kelele. "Nilikuwa nahamisha sufuria!"

Mlango wa kabati ukang'oka. Magodoro mawili, mto wa maganda na mimi tukamwangukia Bwana Shibukawa. Miwani yake ikaruka.

Dada Tomie akanitazama. Akasema polepole, "Yaso?" Kisha akaenda ngazini, akarudi na mtalawanda wake mmoja, kile kiatu cha mbao. Alinipiga nao, akanikumbatia, akanipiga, akalia, akanipiga tena, bila mpango wowote. Mwongozaji, kutoka chini ya godoro, akauliza huyu ni yule mdogo wake marehemu? Dada akajibu, "Mdogo yupi? Mama alipomzaa huyu alisema basi!"

Inokuma alicheka mpaka akalala chali. Alisema, "Mzee Yaso, hata kaburi limekutapika!" Joka lake naamini lilikuwa linacheka pia, kwa lile jicho moja.

Jumatatu, 16 Oktoba

Dada kanipeleka hekaluni na kopo la rangi. Amesimama nyuma yangu na mtalawanda mpaka nimelipaka jina upya, mara mbili. Kasisi akapita, akasema mume huyu, kila siku yuko hapa!

Hatsue hajanisemesha tangu jana. Amenipa chapati ndogo. Hiyo ni hasira, nazijua saizi zake.

Mchana Bwana Shibukawa alikuja dukani. Miwani imeunganishwa kwa gundi. Nilitegemea matusi. Akakaa, akala, akasema jina langu halitaandikwa, kwa kuwa mimi, bahati mbaya, ni mzima. Lakini anaitaka ile sufuria. Anataka mtu akimbie katikati ya mapigano na sufuria kifuani, kidole tunduni.

Nikakataa katakata. Nikamwambia bora anirudishie kifo changu cha upanga. Akasema ana watu thelathini wanaokufa kwa upanga na risasi katika picha hii. Watu thelathini! Hana supu hata moja. Akasema alipokuwa mtoto, vita ilipoisha, yeye naye alilala katika shule iliyoungua, si hii, nyingine, mji mwingine, na hakuna aliyefika na sufuria.

Nikamwambia hiyo inasikitisha, lakini upanga je?

Hatsue akasema, "Baba, kubali." Ni neno la kwanza tangu jana. Alikuwa ameweka kikwangulio chini, ananitazama kidole. Miaka yote nimemwambia ni upanga. Sikupenda alivyokitazama. Alikuwa karibu kunipenda kwa sababu isiyo sahihi.

Nikaendelea kukataa hadi jioni. Kisha Hatsue akaniambia Inokuma amejitolea kuwa mimi. Kwamba anafanya mazoezi ya kukimbia bafuni, na beseni. Kwamba analia kama mbwa, tena vizuri.

Nimekubali.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimepiga sinema leo. Naandika kisiwani kwa Dada Tomie. Nitaeleza nimefikaje.

Waliniambia nitaonekana mgongo tu. Uso umezeeka, wanasema, lakini mgongo bado una miaka arobaini na mitano. Nilifurahi, halafu nikatafakari, nikaudhika. Wamenipa shati lililochanika na sufuria ya jeshi la majini yenye tundu, mvuke ukitoka. Na nani kapewa bastola ya kunifyatulia kutoka nyuma? Inokuma! Kavishwa koti jeupe la kihuni. Akaniuliza mbele ya watu kama nimeleta nguo za kubadili.

Maagizo: bastola ikilia, kimbia.

Lakini mimi nilikuwa na mpango wangu, sikumwambia mtu. Bastola ikilia, nitageuka. Nitaitazama kamera uso kwa uso. Nitachomoa upawa niliouficha kiunoni, kama upanga. Hapo ukweli utakuwa umeingia ndani ya kamera, na kilichoingia ndani ya kamera hakitoki.

Bastola ikalia. Nikageuka, nikachomoa upawa. Bwana Shibukawa akapaza sauti tukaanza upya. Ikalia tena. Nikageuka kwa ngurumo. Mara ya tatu niliudondosha upawa juu ya kofia ya Inokuma, naye akasema hajalipwa kupigwa na vyombo vya jikoni. Dada Tomie, aliyekuja kutazama kabla ya feri yake, akasema kwa sauti siku ile ningekuwa na ujinga huu watoto wangelala njaa. Akaondoka zake gatini.

Mwongozaji hakukasirika. Niliona ni heshima. Akanong'onezana na mtu wa baruti. Yule mtu akaja akachimbachimba matope nyuma ya visigino vyangu, nikamwuliza anatafuta nini, akasema minyoo.

Tukaanza tena. Bastola ikalia, na ardhi yote nyuma yangu ikapasuka. Matope mbinguni! Mabati yakalia! Moshi!

Kilichofuata nakiandika kama kilivyokuwa. Nilimwona adui akitoroka mbele yangu, nikamfukuza. Nilimfukuza na sufuria yangu kifuani, kidole tunduni. Nilimfukuza kupita kibanda cha viazi, kupita taa zao na kamera yao ya pili, kutoka kwenye soko lao la mbao hadi soko la kweli, akina mama wa samaki wakiniita jina, na nikawa nanguruma, wala si kulia kama mbwa kama inavyosemwa. Nilimfukuza hadi gatini. Feri ilikuwa inafungua kamba. Nikaruka. Adui sikumpata, alikuwa na mbio kupita kiasi, hata sikumwona sura. Lakini sufuria haikumwagika. Dada Tomie alikuwa ameketi humo. Akaichungulia, akakichungulia kidole changu, akasogea kunipa nafasi. Nimekunywa chai hapa kwake, ya birika lile. Chai ya kawaida tu.

Hatsue amepiga simu duka la jirani. Anasema Bwana Shibukawa amekaa kwenye matope anacheka na kufuta miwani. Anasema hajapata kupiga picha nzuri kama ile maishani, na kwamba kamera ya pili ilininasa uso wote nilipopita. Atanisimamisha tuli pale pale, mdomo wazi. Herufi hakuna, sheria ni sheria. Nimemwambia Hatsue amwambie aache nafasi chini, na asiwe na haraka. Hatsue akasema nilikimbia vizuri sana, baba. Nimemsahihisha: nilifukuza. Kesho nitamweleza upya habari za upanga, toka mwanzo, maana naona mambo haya ya supu yamemvuruga.

Ajaye kubisha, mashahidi wapo. Nahodha wa feri yupo. Dada yangu Tomie yupo, ingawa husema vibaya. Na yupo Inokuma Torakichi mwenye nyumba ya kuogea, adui yangu wa kufa, aliyenifuata njia nzima hadi gatini na bastola mkononi, akinipigia kelele nisimame. Na aulizwe huyo. Hata yeye hatathubutu kukana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mbele.